Sauti ya Chini Meza ya Saba

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za stoo na daftari la zamu, nikapewa kitenge, keki na hotuba. Hotuba ilisema Dada Roza ameitumikia baa hii miaka thelathini na moja bila doa. Niliposikia hilo la doa nikainamisha kichwa, watu wakadhani nalia kwa furaha. Zuhura, mhudumu wa siku nyingi, ndiye peke yake aliyenifinya mkono, maana yeye alikuwepo. Ninyi wahudumu mnaobaki pale Mwembesongo mmekuwa mkiyasikia mambo haya vipande vipande jikoni, kila mmoja na chumvi yake. Nimeona niyaandike mwenyewe, yakae sawa. Sitataja nani alinifanya msimamizi wala mshahara ulikuwa kiasi gani. Hayo hayafundishi kitu, na la mshahara linatia huruma.

Nilikuja kutoka Mkuyuni nikiwa sijui hata bia inafunguliwaje. Siku ya kwanza mteja aliniambia, "Dada, niletee moja ya moto." Nikaichukua chupa, nikaenda nayo jikoni, nikaitumbukiza kwenye sufuria la maji ya ugali yaliyokuwa yanachemka. Ilipasuka. Kumbe alitaka tu isiyotoka kwenye friji. Mpishi alicheka mpaka akakaa chini, na mwaka mzima wakaniita Moja Moto. Mnaocheka sasa hivi, kumbukeni na nyie mlivyoanza. Kuna mmoja wenu, simtaji, alimpelekea padri mzinga mzima wa pombe kali akidhani ni maji.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chande, msimamizi aliyenitangulia. Alikuwa mtu wa Kilosa, Mwislamu wa swala tano, hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Ukimuuliza inakuwaje anafanya kazi baa, alikujibu kwamba hata daktari wa vichaa si lazima awe kichaa. Hakuwa mpole. Ukitembea huku unazungumza na simu alikuita mbele ya wateja, akakuuliza kama uliajiriwa na kampuni ya simu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza meza. "Kelele si ugomvi," alikuwa anasema. "Wanaopiga kelele wamekuja kufurahi. Ukisikia meza imeshuka sauti ghafla, nenda kafute." Kufuta ndiyo ilikuwa dawa yake. Unachukua kitambaa kibichi, hata kama meza inang'aa, unaingia katikati ya wale watu wawili, uso kwa yule mwenye hasira. Unasema, "Samahani wazee wangu, nipisheni kidogo hapo." Kila mtu anainua glasi yake na mikono yake, na mtu aliyeshika glasi juu hawezi kupiga. Unakusanya chupa tupu zote. Unachukua ubao wa nyama na kisu chake. Unauliza kama wanaongeza. Mpaka umalize, mmoja kakumbuka kwamba anataka kwenda chooni, na mwingine kaanza kukusimulia habari za mguu wake. Nimefuta meza za walimu, za askari kanzu, za mabwana harusi. Mara moja nilifuta meza ya mwanakwaya na shemeji yake mara tano mfululizo, mpaka shemeji akaniuliza kama nina ugonjwa.

"Mtu akishavuka geti hili ni wetu mpaka atoke," Mzee Chande alikuwa anatuambia. "Akiumizwa humu ndani, usije kuniambia aliyemuumiza ni mteja mwenzake." Nilidhani ni ukali wake tu. Sikujua kwamba nitakuja kusikia maneno hayohayo mahakamani, marefu zaidi.

Bosi wetu wa wakati ule, Bwana Faraja, alikuwa na imani yake nyingine. Alipaka maneno ukutani kwa rangi nyekundu: UONGOZI HAUTAHUSIKA NA UPOTEVU WA MALI WALA MADHARA YOYOTE. Mzee Chande akasimama akasoma pole pole, akauliza, "Kwa hiyo bosi tunahusika na nini, mishikaki?" Bango likabaki. Mzee Chande alirudi kwao Kilosa miguu ilipochoka, nikashika kitambaa chake.

Sasa niwaambie habari za Seba na Maganga.

Seba alikuwa Mluguru mwenzangu, wa Mgeta, dereva wa lori la mboga. Kabichi na karoti anazishusha Dar, akirudi anapita kwetu kula nyama. Maganga alikuwa Mnyamwezi, lakini amezaliwa hapa hapa mjini. Mama yake aliletwa na kazi ya kiwandani. Alikuwa fundi wa malori, na lori la Seba alikuwa analitengeneza yeye. Waluguru na Wanyamwezi ni watani, mnajua. Basi wale wawili wakikutana meza ya saba, uwanja mzima wa baa unageuka kuwasikiliza. Seba anaingia anapaza sauti tangu getini: "Jamani, huyu Mnyamwezi hajafa tu? Mimi sanda nimeshanunua!" Maganga anajibu, "Umenunua nusu, nyie Waluguru wabahili. Mimi wewe nitakuzika kwenye gunia la kabichi!" Watu wanakufa kwa kicheko. Maneno ya kuzikana ndiyo ilikuwa salamu yao kwa miaka na miaka.

Kisha lori lile likapinduka kwenye mteremko wa Mgeta. Seba hakuwemo siku hiyo, alikuwa anaendesha mdogo wake. Mdogo wake akafariki. Wengine walisema mzigo ulizidi, wengine walisema breki. Breki alikuwa amezitengeneza Maganga wiki hiyo hiyo. Mimi siwezi kusema ilikuwa nini, na hata waliokuja kukagua hawakusema kwa uhakika.

Nilipanda Mgeta kuzika, maana marehemu alikuwa wa upande wa mama yangu. Maganga naye alipanda. Alilia njia nzima, nilikuwa naye kwenye gari moja, analia mpaka anakwama pumzi. Lakini tulipofika makaburini alifanya kile mtani anachotakiwa kufanya. Alilala mbele ya jeneza akasema halipiti. Aliwafokea wachimbaji. Kisha akaanza kumuigiza marehemu anavyoendesha, mkono kwenye usukani, kichwa dirishani, akiwaita wasichana wa njiani. Watu wakaanza kucheka na machozi yao, kama inavyokuwaga. Halafu, Mungu wangu, mguu wake ukaenda mbele. Akaigiza anakanyaga breki. Akaikanyaga mara mbili, mara tatu.

Sidhani alifikiri. Mguu ulikwenda wenyewe kwa sababu dereva hukanyaga breki. Baadhi ya watu walicheka, wengine tukaziba midomo. Mimi nilimtazama Seba. Hakucheka, hakulia, hakugeuka. Alikuwa anautazama ule mguu. Nilirudi mjini na sura ile, nikamsimulia Zuhura, kisha kazi zikaja nikaiacha.

Ilipita miezi miwili. Jumamosi moja, saa tisa alasiri, tulikuwa na sherehe ya kipaimara upande wa pili wa uwanja. Mnazijua sherehe za kipaimara: soda kreti kumi, watoto wa nguo nyeupe, mchuzi, shangazi anayedai keki ikatwe mara moja. Wahudumu wote nilikuwa nimewapeleka huko. Upande huu alibaki Zuhura peke yake.

Seba aliingia. Hakupaza sauti getini. Alikwenda meza ya saba alikokuwa amekaa Maganga na nyama yake, akavuta kiti, akakaa karibu naye sana. Nilikuwa napita nyuma yao na trei la soda. Nikamsikia akisema, "Leo nakuzika." Hilo tu. Maneno yale yale ya siku zote. Maganga akacheka, akajibu kwa sauti, "Nizike vizuri basi, usinibanie sanda!"

Nikaendelea na soda zangu.

Zuhura ni Mmakonde wa Mtwara, utani wa huku haujui vizuri. Alinifuata mpaka kwenye meza ya keki. "Mama, ile meza ya saba siielewi," akasema. "Na kisu cha nyama kiko pale pale, mchoma nyama kakiacha."

"Hao watani," nikamwambia. "Waache."

"Mama, huyu mmoja hacheki."

"Zuhura, watani hao! Wewe ungekuwa wa huku ungejua. Hebu leta opena."

Akaleta opena. Nilifungua chupa labda ishirini. Kisha nikasikia kiti kimeanguka, na mwanamke mmoja akapiga yowe. Sitaeleza niliyoyakuta. Maganga alifia kwenye gari kabla hatujafika hospitali, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Zuhura. Seba hakukimbia. Alikaa pale pale kwenye kiti chake mpaka polisi wakaja, na alipohukumiwa hakukata rufaa.

Mama yake Maganga alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, msafi sana. Maganga ndiye alikuwa mwanawe pekee aliyebaki. Nilikwenda msibani nikakaa naye siku tatu. Kila aliyeingia kumpa pole, alimwambia neno moja: "Hakuna aliyejua. Ilikuwa kama radi. Ingekuwa kuna aliyejua, angezuia." Alilisema kwa utulivu, na mimi nilikuwa nimekaa mkekani pembeni yake namenya vitunguu. Niliinama nikamenya.

Mwaka ulikuwa haujaisha tukapata hati ya madai. Wajukuu walikuwa wamempata wakili, na wakili alimdai Bwana Faraja kwa uzembe: kwamba mteja aliuawa ndani ya biashara yake, na biashara haikumlinda. Bosi alishangaa kweli. "Mimi nimeua?" akaniuliza. "Kwani kisu nilikishika mimi? Bango si lipo ukutani?"

Akaniita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa mtu mzuri, Bwana Faraja, sitamsingizia. Mume wangu alipougua ni gari lake lililompeleka kwenye matibabu kila wiki, na dereva alikuwa yeye mwenyewe. "Dada Roza," akasema, "kesi yote iko kwako. Wakili wangu anasema kama baa haikujua, hatuna kosa. Ikionekana ilijua, tumekwisha, na nyie wote kazi hamna. Sikuambii udanganye. Sema tu kwamba ulichukulia ni utani. Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo ilivyokuwa, bosi."

"Basi."

Na ilikuwa kweli. Nililala na kweli hiyo wiki kadhaa, nikiigeuza huku na huku, ikawa inanichoma kila upande. Zuhura hakunishauri kitu. Aliniambia tu kwamba yeye akiitwa atasema alichoniambia na nilichomjibu.

Siku ya ushahidi nilivaa kitenge cha kanisani, nikaapa, nikamjibu wakili wa bosi vizuri. Ndiyo, nilisikia maneno. Ndiyo, ndiyo maneno yao ya kila siku. Ndiyo, hakuna mtu mwenye akili angedhani ni tishio. Bosi akashusha pumzi. Mama yake Maganga alikuwa mstari wa mbele, mikono magotini, ananitikisia kichwa kana kwamba ananitia moyo.

Kisha akasimama wakili wa mama. Alikuwa binti mdogo kwa umri, miwani mikubwa, na alianza kwa kuniamkia. "Shikamoo mama." Hakimu akamtazama, yeye akaendelea.

"Mama, wewe ni kabila gani?"

"Mluguru."

"Una watani?"

"Tele. Hata wewe kama ni wa Pwani."

Watu wakacheka kidogo. Yeye akatabasamu. "Mimi Mzaramo, mama. Kwa hiyo tunajuana. Mtani anapokutania, anakunong'oneza sikioni?"

Niliona alikoelekea, nikaona na mlango wa kutokea. Ningesema inategemea. Nani angebisha?

"Hapana," nikasema. "Utani unasemwa watu wasikie. Utani wa kunong'ona hakuna."

"Siku ile Sebastian alisema kwa sauti gani?"

Bosi alikuwa anatazama sakafu.

"Kwa sauti ya chini."

"Hili la sauti, mama, umeling'amua leo nilipokuuliza, au uliling'amua siku ile?"

Jamani, kuna maswali. Nilimtazama mama yake Maganga. Alikuwa ameacha kutikisa kichwa.

"Siku ile," nikasema. "Nilipopita tu niliisikia. Mwili ukanisisimka. Na makaburini nilikuwepo, nilimwona alivyoutazama ule mguu. Na Zuhura akaja akaniambia. Nilikuwa na kipaimara, nikasema ni watani. Kwenye kazi yetu, meza ikishuka sauti unakwenda unaifuta. Sikwenda."

Hakimu aliniuliza kufuta ni kufanya nini. Nikamweleza yote, mpaka kisu na ubao. Aliandika muda mrefu.

Hukumu ilipotoka alisema mwenye biashara si mlinzi wa kila ubaya duniani, wala hawezi kujua yaliyomo moyoni mwa kila anayeingia kunywa. Lakini akijua kwamba mteja wake yuko hatarini, au kama angepaswa kujua, sheria inamtaka afanye kile ambacho mtu makini angefanya pale pale. Alisema mfanyakazi akijua, biashara imejua. Alisema bango halimvui mtu wajibu huo kwa rangi nyekundu wala ya bluu. Akasema pia kwamba baa hii ilikuwa na njia yake ya kuzuia, rahisi, ya kitambaa, na siku ile haikutumika. Bwana Faraja akashindwa.

Hakunifukuza. Alikaa siku nyingi bila kunisemesha, kisha akaja na kopo la rangi nyeupe akalifuta bango kwa mkono wake. "Mimi ningesema inategemea," akaniambia bila kugeuka. Mwaka uliofuata aliiuza baa kwa huyu bosi mliye naye. Nilimkosesha usingizi mtu aliyemuuguza mume wangu, na hilo nalo nimelibeba.

Mama yake Maganga ndiye aliyebaki. Siku ya hukumu wajukuu walinishika mikono, wakaniita shujaa, nikatamani ardhi ipasuke. Yeye alikuwa kwenye benchi la veranda ya mahakama, akaniita kwa kidole. Nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa." Akanipa nafasi. Akavuta khanga yake. "Wananiambia nikushukuru. Wakili anasema wewe ndiye uliyetushindisha."

"Mama, usinishukuru."

"Sikushukuru. Nakwambia walivyosema." Akaikunja ncha ya khanga kidoleni. "Mimi nilikuwa nalala, Roza. Tangu msiba nilikuwa nalala usingizi, maana nilijua hakuna aliyejua. Radi utailaumu vipi? Nikasali, nikalala. Siku uliposimama pale ukasema uliisikia sauti, nikaelewa kwamba mwanangu alikuwa ameketi pale anangoja kuuawa na mtu mmoja alikuwa anajua, na alikuwa na soda mkononi. Tangu siku hiyo silali."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniacha nimalize, kisha akanishika mkono, mkono wake mkavu.

"Nataka uniambie kitu ambacho wakili hakukuuliza. Yeye mwenyewe alijua? Maganga. Aliogopa? Au alidhani ni utani mpaka mwisho?"

Nikafuta uso. Nikamtazama usoni, nikamwambia, "Hakujua, mama. Alikuwa anacheka. Nilimwona kwa macho yangu, alikuwa anacheka mpaka mwisho."

Alifumba macho. "Alikuwa anacheka," akasema. Akanipigapiga kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto. "Basi nitalala."

Mama yule alitangulia mbele ya haki mwaka jana, ndiyo maana naweza kuandika. Kwa Mungu nitajibu mwenyewe. Lakini ninyi mtasimama kwenye uwanja ule kesho na keshokutwa, na ninyi siwezi kuwadanganya. Maganga alicheka mara moja tu, pale alipojibu lile la sanda. Nilipokuwa nafungua soda nilitupa jicho meza ya saba, akawa ananitazama mimi. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameinua mkono, pole pole, usawa wa bega, kama mteja anayeita, na macho yake hayakuwa ya mteja anayetaka bia. Nami nikamjibu kwa mbali, kwa tabasamu, kama ninavyowasikia mkijibu kutwa nzima: "Nakuja!"

Kisha nikafungua chupa nyingine.